Cherehani ya Marehemu Fundi Pasi

Cherehani ilikuwa ya moto. Mwenyewe, Fundi Pasi, alikuwa na siku kumi na moja kaburini, na chumba kilitiwa kufuli tangu azikwe.

"Jua la dirishani hilo, shemeji," mjane akasema. Dirisha lenyewe lilizibwa kwa maboksi.

Fundi Chaki hakutaka maneno mengi. Alimdai marehemu laki nne, na kwenye kikao cha mirathi mjane alilikubali deni hata kabla hajamaliza kulitaja. Hela hakuna, alisema, ila cherehani ipo, aichukue leo leo. Mdai gani angekataa? Akatia sahihi mbele ya ndugu, akakodi mkokoteni, akaipeleka kibandani kwake, alikokuwa akimfundisha bintiye kazi.

Chini ya sindano kulikuwa na kanzu nyeusi, mshono umeachwa njiani. Sasa fundi ni fundi bwana, kitu kama hicho humwasha mikono. Akakaa, akaumalizia. Alipoikunjua kanzu, akahesabu mikono: mitatu.

"Baba, mteja gani huyu?" binti akanong'ona.

"Marehemu alishachoka, mwanangu. Alikosea tu."

Mchana huohuo, jua likiwaka, kibanda kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Chaki akataka kuinuka, mguu ukagoma kwenye pedali, kisha cherehani ikaanza kwenda yenyewe na mguu ukienda nayo, na kitambaa cheusi kikawa kinaingia chini ya sindano kutoka upande ambao hakukuwa na kitambaa chochote, na futi yake ya kupimia ikanyanyuka mezani, ikamzunguka kifua taratibu, kama anavyowapima wateja wake, na nyuma ya shingo sauti nyororo, ya adabu kabisa, ikasema: "Ahsante kwa kunimalizia kanzu, fundi. Mwenzako alinishonea miaka tisa. Cherehani hii haiuzwi wala haitupwi; ukifa, atakayeachiwa ndiye atakayekaa hapa."

Futi ikamwachia, ikaenda ikamlalia binti begani.

"Baba, nani kanishika?"

"Toka nje! Toka, mama, toka!"

Mguu uliachiwa kanzu ya pili ilipokwisha. Chaki akavuta droo atafute mkasi, akakuta laki nne. Noti zilezile, zimefungwa kwa uzi wa kijani aliozifungia yeye mwenyewe siku ya kumkopesha Pasi. Hata moja haikutumika.

Akakimbia kwa mjane, hela mkononi. Mlango ukafunguliwa nusu.

"Shemeji, nakupigia magoti, ichukue. Na hela hizi chukua."

Mjane alizitazama zile noti, wala hakuuliza zimetoka wapi.

"Deni limekwisha, shemeji. Mimi nina mwana mmoja tu," akasema. Akapiga komeo. Chaki akamsikia analia upande wa pili, na yeye akalia hapohapo barazani, mtu mzima.

Asubuhi alikwenda kwa kinyozi, rafiki yake tangu wote wawili hawana meno ya mbele.

"Umekonda kwa usiku mmoja? Au mkeo kakunyima chakula?" kinyozi akamtania.

Chaki hakuweza kucheka. "Nikopeshe laki tano, ndugu yangu."

Kinyozi akafuta mikono, akafungua mkebe wake, akahesabu. Hakuuliza za nini.

"Na nikifa sijakulipa," Chaki akasema, macho chini, "usiwaonee haya watu wangu. Njoo udai."