Chenga za Kila Upande

Kila alasiri Mbishi, aliyepewa jina hilo kwa kutokubali kushindwa, alipitia kwenye karakana ya shangazi yake, fundi wa redio na runinga. Akishafagia vipande vya waya, aliruhusiwa kuwasha runinga moja kuukuu yenye chogo, yaani mgongo uliotokeza nyuma.

Wiki hiyo hakuwa na mchezo. Mwalimu wa sayansi angechagua jaribio moja la kuwakilisha shule, na Mbishi alikuwa ameliahidi darasa zima kwamba atagundua chenga za kwenye kioo, yale madoa meupe yanayochezacheza, zinatoka upande gani.

Aligeuza antena mashariki. Shhhh! Magharibi. Shhhh! Akapangusa vumbi, akabadilisha waya, akaielekeza juu. Daftari likajaa neno moja: sawa, sawa, sawa.

"Siku nne! Runinga hii inanidharau!" alifoka, akauchana ukurasa na kuutupa sakafuni. Kwenye ukurasa mpya akaandika: "Magharibi chenga ni chache."

Shangazi alichungulia. "He! Zimepungua lini, mwanangu?"

"Kidogo tu, shangazi."

"Hebu geuza nizione."

Mbishi hakugeuza. Machozi yakamlenga. "Sasa nitawaambia nini wenzangu? Kwamba nimetoka kapa?"

Shangazi aliketi. "Zamani wanasayansi wawili walikuwa na antena kubwa sana. Ilitoa mlio usiokwisha, kila upande. Walihangaika kama wewe. Hata kinyesi cha njiwa walikisafisha. Mlio haukukoma. Wakaandika hivyo hivyo: sawa kila upande."

"Ulitoka wapi?"

"Ulimwengu ulipokuwa mchanga ulikuwa moto ajabu, umejaa mwanga. Ulipotanuka, mwanga ule ulipoa, ukawa mawimbi kama ya redio. Hauna upande kwa sababu umeenea anga lote. Nisikudanganye, chenga zako nyingi ni za runinga yenyewe na umeme wa majirani. Lakini sehemu ndogo ya chenga hizo ni mwanga huo, wenye umri wa karibu miaka bilioni kumi na nne."

Mbishi aliokota ukurasa aliouchana, akauunga kwa utepe.

Kesho yake mwalimu aliuliza ukurasa huo ulichanwa na nani. Mbishi alieleza yote, masikio yakiwaka moto. Darasa likaangua kicheko.

"Anayecheka alete daftari lake," mwalimu alisema. Wote wakainamia madawati. "Huyu ndiye atakayetuwakilisha. Kupima si kuagiza chakula, wanangu. Hupati ulichotamani, unapata kilichopo. Na aliyeandika kilichopo, hata kama kimemuudhi, ndiye aliyefanya kazi."