Taa ya Cherehani Juu ya Samaki

Ta.

Sauti ilikuwa ndogo, kama ya njiti ya kiberiti inayovunjika, lakini ilimwamsha Cheche kabla ya alfajiri. Alifumbua macho. Chumba kilikuwa giza totoro. Alipolala aliacha taa ya tangi la samaki ikiwaka, na sasa ilikuwa imezimwa. Kwenye kona, pampu ndogo iliendelea kugugumia maji kana kwamba hakuna lililotokea.

"Mluzi," aliita huku ameuma meno. "Umezima tena."

Mdogo wake wa kike, kwenye kitanda cha pili, alivuta blanketi hadi utosini. "Sijazima kitu. Nimelala."

"Mtu aliyelala hajibu."

"Umeniamsha, dada, ndiyo maana najibu."

Mluzi alipewa jina hilo kwa sababu ya pengo la meno ya mbele. Akisema haraka, hewa hupita pale na kupiga mluzi. Siku nyingine mluzi ule ulimchekesha Cheche. Asubuhi hiyo ulimkera hadi akatamani kumrushia mto.

Tangi lile halikuwa lao. Lilikuwa la Mama Nesi, muuguzi mstaafu wa nyumba ya pili, ambaye alikwenda kufanyiwa upasuaji wa goti. Kabla ya kuondoka aliwapita watoto wote wa mtaa, akaja kugonga kwa Cheche. Jambo hilo lilimshangaza hata mama mtu, maana Cheche alijulikana kwa hasira za karibu. Shuleni hata kengele hawakuthubutu kumpa aipige. Lakini Mama Nesi alimkabidhi samaki wake wadogo wenye mistari, mawe yaliyofungiwa mimea ya majani mazito, na taa ndogo ya kubana kwenye ukingo wa kioo.

"Mimea hii ni ya kivulini," alimwambia. "Washa taa ukirudi shule, zima ukienda kulala. Basi."

"Sawa, Mama," Cheche aliitikia, lakini akili yake ilikuwa kwa samaki.

Taa ile ndogo ilimchosha mapema. Mwanga wake ulikuwa wa manjano, mnyonge, kama wa tochi inayokaribia kuisha betri. Mama yake Cheche alikuwa fundi wa kushona, na katika nyumba ile mwanga ulikuwa kitu cha heshima. "Washeni taa, mtaharibu macho," ndiyo ilikuwa salamu yake ya jioni. Kwa hiyo Cheche alipoomba taa ya akiba ya cherehani, ile nyeupe yenye shingo ndefu, mama alimpa bila kuinua kichwa kwenye pindo.

"Chukua. Mwanga haujawahi kumdhuru mtu."

Siku za mwanzo tangi liling'aa kama dirisha la duka. Cheche akaona hakuna haja ya kuizima taa kabisa. Halafu utelezi wa kijani ukaanza kwenye kioo, ukapanda juu ya mawe, ukayavaa majani. Majani mengine yakatoboka. Samaki wakawa wanashinda wamejibana nyuma ya jiwe kubwa. Cheche aliyatazama hayo yote, akakata shauri: mimea inanyimwa mwanga. Na anayeinyima amelala kitanda cha pili.

Mama Nesi alikuwa anarudi siku yoyote. Mtu mzima wa kwanza kumwamini angekuta tangi limeoza, na angesema kama walivyosema wengine: mtoto huyu hafai kukabidhiwa kitu.

Jioni ile Cheche alichukua utepe wa gundi akaubandika juu ya swichi, tabaka juu ya tabaka. "Tuone sasa," alimwambia Mluzi.

"Na mimi nataka kuona," Mluzi alijibu, akageukia ukutani, blanketi usoni.

Alfajiri yake utepe ulikuwa umebanduliwa, umekunjwa vizuri na kuwekwa kando ya tangi. Kama Cheche asingekuwa amefura, angejiuliza. Mluzi hakuwahi kukunja hata sare yake ya shule. Lakini hasira haikumpa nafasi ya kujiuliza. Alitoka mbio hadi chumba cha kushonea.

"Mama, Mluzi anaua mimea ya watu. Kila siku anazima taa makusudi. Ana wivu kwa sababu Mama Nesi alinichagua mimi."

"Mwongo!" Mluzi alikuwa mlangoni, machozi yamemlenga. "Huo mwanga wako unanichoma macho usiku kucha na sijasema kitu. Sijausema, sijauzima."

"Umeona, Mama? Amekiri unamsumbua."

Mama alikuwa na lundo la sare za kumaliza, na kelele zilikuwa zimemfika shingoni. "Nyamazeni wote. Mluzi, kama taa inakusumbua, leo utalala humu na vitambaa. Sitaki kusikia tena habari za samaki."

Mluzi hakujitetea tena. Alienda kuchukua mto wake.

Usiku huo Cheche alilala peke yake, ameshinda. Lakini ushindi wenyewe haukuwa na raha.

Ta.

Alikurupuka. Mlango ulikuwa wazi, na kwa mwanga wa ukumbini alimwona mtu mrefu mbele ya tangi, amevaa kofia nyeupe ya kiwanda cha mikate.

"Baba?"

"Lala, mwanangu. Nilikuwa nazima hii taa yako."

"Ni wewe? Kila siku?"

"Kila nikienda kazini. Napita kuwaangalia, namkuta mdogo wako kajifunika uso, jasho linamtoka. Nikamwonea huruma. Nilidhani wewe unasahau tu." Alinong'ona kwa kucheka. "Na ule utepe nilidhani swichi imelegea. Nikautoa polepole nisiwaamshe."

Kila siku baba alikuwa akitoka nyumbani wote wakiwa wamelala, na akirudi mchana alikwenda moja kwa moja kitandani. Hakuna aliyemwambia kuhusu ugomvi. Sasa aligeuka akatazama kitanda cha pili. Hapakuwa na mtu.

"Mluzi yuko wapi?"

Cheche alivuta blanketi hadi kidevuni. Kwanza alimkasirikia baba, kwa nini hakusema. Akaikasirikia taa. Akaikasirikia hata kofia. Mwisho akakosa wa kumkasirikia.

"Nimeuliza yuko wapi," baba alisema, na sasa hakuwa anacheka. Cheche alimweleza, na baba akamsikiliza hadi mwisho. "Basi kabla sijarudi, umwambie wewe mwenyewe. Siyo mimi."

Kulipopambazuka Cheche alikwenda hadi chumba cha kushonea. Mluzi alikuwa amelala juu ya vipande vya kitambaa, uzi wa bluu umenasa kwenye nywele. Neno lilimfika Cheche ulimini likakwama pale. "Amka," alisema tu, "utachelewa shule."

Mchana, kabla Cheche hajavua sare, mlango uligongwa. Mama Nesi aliingia na mkongojo, akaitikia shikamoo zao, akauliza wanawe wa majini wako wapi. Alipoliona tangi, uso ulimbadilika. Alivuta kiti, akaketi, akapitisha kidole kwenye kioo. Kidole kilitoka kijani.

"Nani amefanya hivi?"

Hakuinua sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mama alimtazama Mluzi. Mluzi alitazama sakafu, kama mtu aliyeshazoea. Cheche aliona ingekuwa rahisi sana. Asingehitaji hata kusema uongo, angenyamaza tu.

"Ni mimi," alisema. "Niliweka taa ya cherehani. Niliiwasha mchana na usiku. Nikamsingizia Mluzi kwamba anaizima, akafukuzwa chumbani. Aliyekuwa anazima ni baba."

"Taa nilimpa mimi," mama alisema taratibu. "Na Mluzi nilimwadhibu bila kumsikiliza. Nisamehe, mwanangu."

Mama Nesi alishusha pumzi. "Nimekasirika, sitawadanganya. Wodini usiku tulikuwa tunapunguza taa ili wagonjwa wapumzike. Na hawa nao wanahitaji usiku wao. Taa huchaguliwa kwa kuangalia mmea, siyo kwa kumfurahisha anayetazama. Mmea wa kivulini hukua polepole. Ukiumwagia mwanga hauwezi kuutumia wote, utelezi ndio unaoshiba." Aliinamia tangi, akachungulia chini ya jiwe. "Lakini tazameni hapa katikati."

Kulikuwa na jani jipya, dogo, limejikunja, safi.

"Hilo limepona kwa sababu ya giza la alfajiri. Yule uliyekuwa unamtafuta kwa hasira ndiye aliyekuwa anakusaidia."

Walifanya kazi hadi jioni. Taa ya cherehani ilirudi kwa mama, na ile ndogo ya manjano ikabanwa mahali pake. Cheche alikwangua kioo, akakata majani yaliyooza, akabadilisha sehemu ya maji. Mluzi alishika ndoo.

"Nisamehe, Mluzi," Cheche alisema, mikono ikiwa majini.

"Rudisha kwanza mto wangu kitandani."

Cheche aliufuata mbio, akaondoa nyuzi zilizounata moja baada ya nyingine, akaurudisha kitandani.

Utelezi haukuondoka mara moja, kwa hiyo tangi lilibaki kwao kwanza. Cheche aliwasha taa alipotoka shule, akaizima alipolala, na alfajiri baba akawa anapita bila kugusa swichi. Maji yalipotakata na samaki kuanza tena kuzunguka, baba alibeba tangi hadi nyumba ya pili, mabinti wakimfuata na mawe na ndoo.

Mama Nesi alilichungulia tangi. "Cheche, hasira si kosa," alisema. "Hata mimi ninayo. Lakini ukikasirika, chunguza kwanza kitu chenyewe, na anza na mkono wako. Ukianza na mtu, utampata tu wa kumbebesha, na mara nyingi atakuwa yule asiyejitetea."

"Nimesikia, Mama."

"Safari hii umesikia kweli?"

"Mimea hii ni ya kivulini," Mluzi alidakia, mluzi ukapita kwenye pengo, na wote wakacheka, Cheche wa kwanza.

Mama Nesi aliwasindikiza hadi mlangoni kwa mkongojo wake. "Nyumba hii ni kimya mno," alisema. "Mje tena kunitazama. Wote wawili. Na huyu baba yenu naye aje, siku asiyosinzia."