Mstari Mmoja Katika Barua ya Rofhiwa

Jumatatu ya kwanza ya likizo, Rofhiwa alikoroga uji, akamwekea bibi yake bakuli mezani, kisha akaenda kuchukua kadi ya zahanati ndani ya Biblia. Bibi yake, Vho-Masindi kama majirani walivyomwita kwa heshima, alikuwa na ugonjwa wa presha. Kila mwezi alichukua vidonge zahanati. Asubuhi hiyo kilikuwa kimebaki kimoja tu, akakimeza pamoja na uji.

"Twende mapema," bibi alisema huku akifunga kitambaa kichwani. "Tukichelewa tutakaa mpaka benchi litujue majina."

Rofhiwa alikuwa na miaka kumi na miwili. Shule zikifungwa, yeye ndiye aliyemsindikiza bibi, kwa sababu sikio la kushoto la bibi lilikuwa limeziba kabisa na la kulia lilisikia siku likipenda.

Walifika kabla ya saa moja. Karani alipokea kadi, akagonga muhuri wa tarehe na kuiweka kwenye rundo. Watu walisogea kwenye benchi polepole. Saa tano Rofhiwa aliomba ruhusa kwenda chooni. Aliporudi, mama mmoja aliyekaa karibu alimnong'oneza, "Bibi yako ameitwa. Hakusikia, na mimi nilikuwa nabembeleza mtoto."

Rofhiwa alikimbilia mlangoni. "Nesi, samahani. Bibi yangu hakusikia ulipomwita."

Nesi Mukwevho hakuinua macho. "Nimeita. Mimi si redio ya kurudia matangazo. Kadi yake iende chini."

Kadi ikaenda chini ya rundo. Saa nane mlango ulifungwa, na nesi akatangaza kwamba waliobaki warudi Alhamisi. Vho-Masindi alisimama, akaunganisha viganja na kuinama kama ilivyo adabu ya wanawake wa Kivenda.

"Mwanangu, dawa zangu zimeisha leo. Nipe hata za siku tatu."

"Bibi, na wewe siku nyingine uje na masikio yako."

Wasichana wawili kwenye benchi walicheka. Bibi naye akacheka kidogo, kicheko cha aibu, kisha akaokota mkoba wake. Kicheko hicho cha bibi ndicho kilichomuuma Rofhiwa kuliko yote.

Jumatano asubuhi, Vho-Masindi alianguka bombani akichota maji. Jirani alimpeleka hospitali kwa gari lake. Aliporuhusiwa baada ya siku nne, upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umelegea, na mkono wa kulia haukuweza kushika kikombe.

"Kwa umri wake, hizi si dawa za kukatisha hata siku mbili," daktari alisema. "Nani alimwacha akae bila dawa?"

Rofhiwa alimjua. Alikaa pembeni ya kitanda, hasira ikimpanda.

Kwenye ukuta wa zahanati kulikuwa na sanduku la mbao. Juu yake paliandikwa kwa rangi kwamba mgonjwa ana haki ya kulalamika, na kwamba atajibiwa ndani ya siku ishirini na tano. Siku iliyofuata Rofhiwa alikwenda kuomba fomu.

"Fomu ziliisha zamani," karani alisema.

"Zamani lini?"

"We mtoto, umekuja kutibiwa au kunihoji?"

Basi alichana karatasi ya daftari na kukaa nje na rafiki yake, Khathu. Aliandika yote: jina lililoitwa mara moja, kadi iliyowekwa chini, maneno kuhusu masikio, vidonge vya siku tatu vilivyokataliwa. Khathu alisoma, akakunja uso.

"Hii haitamshtua mtu. Kila siku watu wanarudishwa bila dawa. Andika kwamba alimsukuma."

"Lakini hakumsukuma."

"Si ni kama alimsukuma tu? Bibi si ameanguka?"

Kalamu ya Rofhiwa ilisita. Alimkumbuka bibi akiinama, na wale wasichana wakicheka. Akaandika: *Nesi alimsukuma bibi yangu.* Akaikunja karatasi na kuitumbukiza sandukuni.

Siku ishirini na tano zilipita bila jibu. Rofhiwa alizihesabu kwenye kalenda. Siku ya thelathini alimwendea Mwalimu Netshifhefhe, aliyemfundisha hisabati na aliyekuwa mjumbe wa kamati ya zahanati.

"Mwalimu, sanduku lile hufunguliwa na nani?"

Mwalimu hakujua. Jioni hiyo alikwenda kuuliza, akarudi akipumua kwa nguvu kama aliyepanda mlima.

"Ufunguo uko kwenye droo ya Nesi Mukwevho! Anayelalamikiwa ndiye anayetunza ufunguo! Na sisi kamati tumekaa hapo miaka miwili tukinywa chai, hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza. Aibu yetu."

Aliipigia simu ofisi ya afya ya wilaya asubuhi, akapiga tena mchana, na kesho yake akapiga mpaka wakachoka kumsikia. Wiki iliyofuata alifika afisa, mwanamke mwenye miwani aitwaye Bi Mulaudzi. Kufuli lilikuwa na kutu na ufunguo haukuzunguka, ikabidi likatwe. Karatasi arobaini na tatu zilimwagika mezani mbele ya wagonjwa wote, Rofhiwa na bibi yake wakiwa miongoni mwao.

Bi Mulaudzi alisoma baadhi kwa sauti, bila kutaja majina. *Nilimleta mwanangu ana homa, nikaambiwa nirudi kesho. Nilitukanwa mbele ya mkwe wangu. Hii ni barua yangu ya tatu.* Watu walianza kunong'ona, kisha kupiga kelele. Mzee mmoja aligonga bakora sakafuni. "Mwaka mzima kumbe nilikuwa naliandikia sanduku tu!"

Ndipo ikasomwa barua ya Rofhiwa. Ulipofika ule mstari, Nesi Mukwevho aliruka kutoka kitini.

"Uongo! Sijawahi kumgusa mgonjwa! Mwulizeni mwenyewe!"

Bi Mulaudzi alimwinamia Vho-Masindi. "Bibi, nesi alikusukuma?"

"Hapana," Vho-Masindi alijibu kwa mdomo wake mzito. "Hakunisukuma."

"Mnaona?" Nesi aligeukia benchi. "Ni majungu matupu! Na hizo nyingine zote ni hivyo hivyo!"

Rofhiwa aliona karatasi zile arobaini na mbili, za watu asiowajua, zikipoteza uzito kwa sababu ya mstari wake mmoja. Alisimama.

"Mstari huo niliutunga mimi," alisema. "Nilidhani ukweli peke yake hautasikilizwa. Nisamehe, Nesi. Lakini yaliyobaki ni kweli. Tazameni kadi ya bibi. Ina muhuri wa Jumatatu ile, na hakuna dawa iliyoandikwa. Jumatano akaanguka."

Bi Mulaudzi aliichukua kadi, akalinganisha na daftari la dawa, akaona vinakubaliana. Yule mama wa benchi alinyanyua mkono. "Nilikuwepo. Na maneno ya masikio niliyasikia."

Nesi Mukwevho alikaa. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Niko peke yangu tangu mwenzangu ahamishwe. Watu themanini kwa siku. Nimewaandikia wilayani mara tatu kuomba nesi wa pili. Hamkunijibu hata mstari."

Hapo Bi Mulaudzi mwenyewe aliinamisha kichwa. Akakiri kwamba hakujua barua hizo ziliishia kwenye meza ya nani, na kwamba angezitafuta.

Nesi alivuka chumba, akapiga magoti mbele ya Vho-Masindi, palepale penye benchi alipochekwa. "Bibi, nilichoka, lakini uchovu haukunipa ruhusa ya kukudharau. Nisamehe." Vho-Masindi alimpa mkono wa kushoto, ule uliokuwa mzima. Hakusema kwamba amesamehe.

Mwezi huo huo nesi wa pili aliletwa. Sanduku liliwekwa kufuli jipya, ufunguo ukakaa na kamati, na kila Ijumaa lilifunguliwa hadharani. Wagonjwa walipewa namba, na aliyekosa kuitika alifuatwa kwenye benchi. Barua zote arobaini na tatu zilijibiwa moja moja kwa maandishi.

Siku Rofhiwa alipopokea jibu lake, Mwalimu Netshifhefhe alimsimamisha langoni.

"Watu wazima tulikuwa tumezoea kunyamaza, wewe ukakataa," alisema. "Kukasirika kwako kulikuwa haki, na usije ukaona aibu kwa hilo. Lakini siku ile karibu umpe nesi njia ya kutokea, na wagonjwa wote wangebaki nje ya mlango. Ukidai haki, andika kilichotokea, tarehe yake na walioshuhudia, kisha uishie hapo. Ukiongeza hata neno moja la kubuni, unamwachia mkosaji kitu cha kushika."

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Na wasipokujibu siku ya ishirini na tano," mwalimu aliongeza, "ya ishirini na sita nenda ukawaulize kwa nini."