Shemeji Aliyeketi Mbele ya Trekta

Nina miaka thelathini na sita, sina mke, sina mtoto, na shule niliiacha darasa la tano. Wasomaji wenzangu, haya ninayowaeleza sijawahi kumwambia mtu yeyote wa kijiji cha Ludara, ingawa wengi wao walikuwepo...

Miaka ile watu wetu walikuwa wamerudi kutoka ukimbizini Sudan, kila mmoja anaanza upya. Mimi sikuwa na cha kuanzia. Asubuhi moja niliamka mjini Arua, kaskazini mwa Uganda, nikavaa viatu, nikatoka bila kujua ninakokwenda. Utingo wa lori akaniuliza kama naenda Koboko. Nikajibu ndiyo, kwa sababu Koboko sikuwahi kuiona. Ndivyo nilivyoishi. Nikisikia injini inanguruma mahali, lazima niende kuitazama.

Injini iliyoninasa ilikuwa ya trekta ndogo nyekundu, huko Ludara. Mwenyewe alikuwa Mzee Lomoro, askari wa zamani, aliyeivusha kutoka Sudan akiiendesha kwa mikono yake. Sasa macho yalikuwa yamefifia, akahitaji dereva. Nikabaki. Na nikampenda binti yake, Kiden, aliyekuwa akiniletea maji ya kuoga jioni na kuniuliza habari za kila mji niliopita.

Ng'ombe wa mahari ningetoa wapi? Lakini kwao kijana asiye na mifugo anaweza kuwatumikia wakwe kwa jasho, wala si aibu. Mzee akaniita mbele ya ndugu zake.

"Watu nabeba muhogo kwa kichwa mpaka barabara kubwa," akasema. "Wewe fungua njia ya gari kabla ya mvua. Njia ikiisha, Kiden iko yako."

Nani angekuwa na furaha kuliko mimi siku ile?

Tatizo lilikuwa moja. Trekta ilikuwa na plau tu. Ili kusawazisha njia tulihitaji bamba la chuma la kufunga nyuma, la kukwangua udongo na kuusukuma pembeni. Nikaenda kwa Rajabu, fundi wa kuchomelea pale Koboko, ambaye nilimwita rafiki. Alikuwa na mabamba mawili. Moja lilikuwa dogo, limezidi magurudumu ya nyuma kwa upana wa kiganja tu kila upande. La pili lilitoka kwenye greda kubwa iliyotelekezwa wakati wa vita. Pana, nene, watu wanne hawakuliinua.

Mimi nililitamani lile dogo. Rajabu akacheka.

"Ndugu, hii iko ya kufagia uwanja ya kanisa. Utalipinda kidogo, upande mmoja mbele, ili litupe udongo pembeni, sivyo? Ukipinda, upana inapungua. Gurudumu itakanyaga udongo yenyewe umetoa. Chukua kubwa, wiki moja umeoa."

Alisema kweli kuhusu lile dogo, na hapo ndipo aliponipata. Kwa kuwa moja lilikuwa dogo mno, niliona lingine ndilo sawasawa! Sikuuliza kama kulikuwa na la katikati. Sikuuliza trekta ndogo itabebaje chuma cha mashine kubwa.

Siku ya kwanza nililifunga lile bamba kubwa, nikaliinua kwa nguvu ya trekta, na magurudumu ya mbele yakaacha ardhi kama mbuzi anayefuata majani juu. Nikazungusha usukani, trekta ikaenda moja kwa moja shambani. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikamwambia Mzee turudishe bamba Koboko. Mvua ilikuwa imeanza kunukia. Akatikisa kichwa.

"Mbele iko mwepesi? Tia watu. Jeshini tulifanya hivyo."

Basi vijana wakaanza kuketi kwa zamu juu ya pua ya trekta. Na ajabu ni kwamba ilifanya kazi... usukani ukashika. Njia ikaanza kuonekana. Aliyependa zamu hiyo kuliko wote alikuwa Wani, kaka yake Kiden, kijana mnene, mcheshi.

"Shemeji, usisahau," alikuwa akinigeukia, "matako yangu ndiyo nalipa mahari yako."

Wanawake mashambani wakampigia kelele: "Wani, mwisho umepata kazi unaweza!"

Tulibakiza mteremko wa kijito tu. Kiden alikuwa amekuja kutazama, amesimama na baba yake. Nikashuka polepole, bamba likikwangua, Wani akiimba mbele yangu. Kisha bamba likanasa kwenye mzizi uliofichika. Magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, na pua ya trekta ikapanda. Ikapanda... nikaona mbingu. Wani akateleza, akaanguka chini yake. Kama nisingekanyaga klachi, trekta ingenipindukia mimi. Nikakanyaga. Na pua ikashuka pale alipokuwa.

Niseme nini zaidi? Tulimbeba kwenda hospitali. Hakufika.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa. Rajabu akaitwa. Yule niliyemwita rafiki akasema mbele yangu, uso mkavu: "Mimi nilimwambia achukue ndogo. Yeye alitaka haraka ya kuoa." Nani angemwamini mzururaji?

Kisha Kiden akasimama. Akaniuliza jambo moja tu.

"Nani alisema Wani akae mbele?"

Nikamtazama Mzee. Kila mtu wa Ludara alijua. Lakini Kiden hakuwepo siku Mzee aliposema nitie watu, na hakuna aliyekuwa tayari kumwambia baba kwamba amemuua mwanawe. Nilimsubiri aseme mwenyewe. Aliinamia mikono yake, akaonekana mzee kuliko jana. Ningemvua nguo mtu wa namna hiyo? Na nikikaa kimya, je, nampoteza Kiden?

Nilikaa kimya. Kiden akalichukua hilo kuwa jibu kwamba ni mimi, akaingia ndani.

Niliondoka kabla jua halijawa kali, nikifuata malori hadi Oraba, mpakani mwa Sudan. Sikuwahi kufika pale. Mama mmoja mkimbizi alikuwa na kibanda cha kupangisha nyuma ya mkahawa wake. Akauliza ninafanya kazi gani. Nikasema yoyote, isipokuwa trekta. Akanionyesha mkeka.

Kutoka mkeka huo nawasihi, ninyi mnaotafuta chuma cha kufunga nyuma ya trekta zenu. Kipimeni kikiwa kimepindwa, kizidi magurudumu kidogo tu, basi. Na pua ikiinuka, kifungueni siku hiyo hiyo, hata kama mvua inanyesha, hata kama bibi harusi anangoja. Msimwite mtu aje kuketi mbele.