Ndoo Ishirini za Marinka

Kila asubuhi ya kiangazi, kabla jua halijapanda juu ya mlima, Tonka alikuwa na kazi tatu: kufagia gati, kufuta umande kwenye viti vya mashua, na kuwafukuza paka wasiibe samaki wa bibi yake. Alikuwa msichana mwenye umri wa miaka kumi na miwili, mabega mapana ya muogeleaji, na mdomo usiojua kujishusha. "Mimi nikishika kitu, nimeshika," alizoea kuwaambia wenzake. Nao walimwamini, maana kwa kuruka baharini kutoka juu ya ukuta wa bandari, hakuna mtoto aliyemfikia kijijini kwao, pale kisiwani.

Bibi Perina, bibi yake, alikodisha mashua. Alikuwa na mbili nyeupe za plastiki ambazo watalii walizigombania, na ya tatu ya mbao iliyoitwa Marinka. Hiyo ya tatu Babu Frane aliijenga kwa mikono yake mwenyewe alipokuwa kijana. Mwezi wa saba iligonga mwamba. Babu akaipandisha nchi kavu, akabadilisha ubao mmoja, akaipaka rangi ya buluu. Ikakaa juu ya magogo, juani, wiki tatu nzima.

Sasa, mashua ya mbao ikikaa juani hukauka. Mbao zake husinyaa, na kati ya ubao na ubao hufunguka nyufa ambazo wewe huzioni, lakini bahari inaziona. Dawa yake kila mtoto wa kisiwa kile anaijua: mashua hunyweshwa maji siku kadhaa mpaka mbao zivimbe na kubanana, ndipo iteremshwe.

"Ndoo ishirini asubuhi, ndoo ishirini jioni," Babu alimwambia Tonka siku ya Jumanne. Alikuwa na mkoba begani, anavuka kwenda bara kutibiwa goti. "Maji ya bahari. Unamwaga ndani, unafunika kwa magunia yaliyolowa. Siku nne. Umenisikia?"

"Ah, Babu! Kwani mimi mtoto?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nasema mara mbili: ndoo ishirini."

Jumanne Tonka alimwaga ndoo zote, hakuibakisha hata moja. Jumatano mashindano ya kuruka baharini yakaanza, na wenzake wakawa wanamwita tangu asubuhi. Akamwaga ndoo mbili, akakimbia. Alhamisi na Ijumaa hakumwaga kitu. Alilowesha magunia ya juu tu, yaonekane.

Jioni Bibi, akigeuza dagaa kwenye kikaango, alikuwa akiuliza, "Marinka imekunywa?"

"Imekunywa, Bibi. Imeshiba mpaka inacheua!"

Bibi akacheka. Ijumaa alipita pale, akapapasa gunia, akaona limelowa, akaridhika. Naye Tonka alijiambia kwamba hakuna dhambi kubwa hapo. Kesho ni sikukuu, na Marinka haitateremshwa mpaka Babu arudi. Jumapili atamwaga ndoo za siku zote kwa mkupuo.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria. Siku hiyo kijiji kizima huvuka kwenda kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari, mwendo wa nusu saa kwa mashua, kusali katika kanisa la zamani lililo pale. Hata mwenye homa huvuka. Ilipofika saa tatu asubuhi bandari ilikuwa karibu tupu, wamebaki paka, Bibi na Tonka aliyekuwa anasubiri nafasi moja iliyobaki kwenye mashua ya mjomba wake, safari ya pili.

Hapo likaja gari lenye vumbi la safari ndefu. Akashuka mwanamume mmoja anayeitwa Davor, na binti yake Ema wa miaka mitano, na mama yake Davor, bikizee mwembamba aliyevaa gauni jeusi. Ema alikuwa amekumbatia mshumaa mrefu kuliko mkono wake.

"Mama, shikamoo," Davor alisema huku akihema. "Tunaomba mashua. Ya leo, ya sasa hivi."

"Leo?" Bibi alishika kiuno. "Mwanangu, leo hata ukitaka beseni la kuogeshea watoto utaambiwa limekodiwa!"

"Najua, mama, nisamehe. Tumetoka mjini Zagreb saa tisa usiku, tukavuka kwa feri. Ni huyu mama yangu. Jana tunakula, akaweka kijiko chini, akasema kesho anataka kuwasha mshumaa kule kanisani. Basi, hakuna cha kumzuia."

Bikizee alikuwa hasikilizi. Alikuwa anakitazama kile kisiwa. "Nilizaliwa hapa kijijini, nyumba ile yenye madirisha ya kijani," alisema polepole. "Miaka arobaini sijavuka. Mume wangu nilifunga naye ndoa pale. Mwaka huu amekufa."

Bibi Perina alimkazia macho. "Luce? Wewe si Luce binti wa Stipe, uliyenisukuma nikaangukia kwenye pipa la zabibu?"

"Ulinianza wewe!" Bi Luce alijibu, na wale wazee wawili wakakumbatiana, wakicheka na kulia kwa pamoja.

Bibi alipojifuta machozi aliigeukia Marinka. "Ipo hii. Nilikuwa nimuachie mume wangu aiteremshe Jumatatu, lakini mjukuu wangu ameinywesha siku nne, asubuhi na jioni. Hata tone haliingii. Neno la Tonka ni neno langu."

Loo! Tonka akayageukia magunia yaliyolowa. Palikuwa na nafasi ya kusema, tena nzuri. Lakini alimtazama Bibi alivyokuwa anang'aa kwa fahari, na ulimi ukagoma. Akajiambia, labda Jumanne ile ilitosha. Labda.

Davor alizijua mashua tangu ujana wake. Alisaidiana na Bibi kuitelezesha Marinka juu ya magogo mpaka majini, wakafunga mashine ndogo ya Babu. Marinka ikaelea, nzuri, buluu inayometa. Bi Luce akaketi katikati na shada la maua mapajani. Tonka akapewa kamba ya gati aishike mpaka mashine iwake.

Ema alikuwa bado amesimama kando yake. "Dada, inajua kuogelea?" aliuliza.

"Nani?"

"Mashua. Mimi sijui. Baba kasema si neno, mashua inajua."

Tonka akapiga magoti ukingoni mwa gati. Aliinama, akaingiza vidole chini ya ubao wa sakafu ya mashua, karibu na miguu ya Bi Luce. Vidole vikazama majini mpaka kiungo cha pili. Mashua haikuwa imekaa majini hata dakika kumi. Na chini ya zile mbao safi zilizopakwa rangi hakuna ambaye angeona kitu, mpaka wawe katikati ya mlango wa bahari.

Mashine ikaguruma. "Fungua kamba!" Davor aliita.

Tonka hakuifungua. Aliizungusha kwenye chuma cha gati mara mbili, akakaza fundo.

"Teremkeni," alisema. Kisha akapaza sauti, "Teremkeni! Inavuja! Sikuinywesha. Nilimwaga vizuri Jumanne tu, siku nyingine nililowesha magunia. Nilimdanganya Bibi."

Davor akazima mashine, akainua ubao wa sakafu. Maji yalikuwa yanacheza mle ndani. Alimbeba mama yake akamweka gatini, kisha akachukua kopo akaanza kukumba maji.

Bibi Perina alimtazama tu, na Tonka angeona afadhali apigwe makofi kuliko macho yale. Uso wa Bibi ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alikuwa ametoa neno lake kwa rafiki wa utotoni, na neno lenyewe limegeuka tundu.

"Basi," Bi Luce alisema, akikaa juu ya jiwe. "Kisiwa nimekiona kwa mbali. Mungu anajua." Lakini machozi yalikuwa yanamtiririka, na Ema akaanza kuulizia mshumaa utawashwa wapi.

Moyo wa Tonka ulimuuma, uliuma kwelikweli. Lakini hakuwa mtoto wa kukaa akililia kosa. "Shangazi Mande hajaondoka," alisema.

"Mande!" Bibi alifoka. "Afadhali niogelee!"

Mande alikuwa jirani, mwanamke mwenye mashua imara na ulimi mkali zaidi ya mkasi. Yeye na Bibi hawakuwa wamesemeshana tangu Pasaka, kisa nani afunge mashua kwenye chuma kipi. Kila sikukuu Mande huvuka wa mwisho, ili asilazimike kuwasalimia watu njiani.

Tonka alitimua mbio. Alimkuta Mande mlangoni, anajifunga kitambaa kichwani.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, shangazi. Bibi amekataa. Kuna wageni wamekosa mashua."

"Na Marinka je? Si nimeiona jana imefunikwa kama bibi harusi?"

Hapo uongo ulijileta wenyewe. Angeweza kusema mashine imeharibika, na mambo yakaisha. "Inavuja, shangazi. Babu aliniagiza niinyweshe, mimi nikaenda kuruka baharini. Nikamwambia Bibi nimeinywesha."

Mande alicheka mpaka akaegemea mlango. "Mjukuu wa Frane fundi! Bahari iko mlangoni, na amekosa maji ya kumwaga! Hii nitaisimulia mpaka Krismasi." Kisha akaacha kucheka, akamtazama vizuri. "Na umenisimulia mwenyewe, ukijua nitaitangaza. Mh! Haya, twende."

Alipofika gatini, alisimama mbele ya Bibi.

"Perina."

"Mande."

Hawakuongeza neno, lakini tangu Pasaka hayo yalikuwa mengi. Bi Luce akapandishwa, Ema akavalishwa boya, na mashua ya Mande ikaondoka.

Tonka hakwenda na mjomba wake safari ya pili. Yeye na Bibi waliivuta Marinka mpaka nchi kavu, kisha akachukua ndoo. Kengele za kanisa zilipolia kule kisiwani, alikuwa kwenye ndoo ya kumi na moja. Wenzake walikuwa kule wanakula maandazi ya sikukuu. Alipomaliza ya ishirini, hakuna aliyemwambia apumzike.

Alasiri Bi Luce alirudi, macho yamevimba kwa kulia na uso umetulia. Mshumaa umewaka, alisema, na haukuzimika kwa upepo. Alimpa Tonka ua moja kutoka madhabahuni, asiitaje Marinka kabisa.

Wageni, walioamua kubaki siku chache, walipokwenda kupumzika, Bibi alimwita Tonka kwenye benchi.

"Unajua kilichonitia hofu? Si maji," alisema. "Maji yanakumbwa. Mimi nilikuwa tayari kumpandisha mtoto wa watu kwenye mashua ile bila kuikagua, kwa sababu wewe ulisema. Mtu akikuamini, mjukuu wangu, anaacha kuangalia chini ya ubao. Anaketi tu. Kwa hiyo ukimdanganya anayekuamini, umemtoboa pale ambapo hatazami."

Tonka aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Bibi."

"Nilikusamehe ulipokaza lile fundo. Umesema kweli mbele za watu, na hilo si jambo dogo. Lakini kuaminiwa ni kama ule ubao. Ukishakauka, haurudi kwa ndoo moja. Kesho asubuhi ishirini, jioni ishirini."

Na ndivyo alivyofanya. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, alfajiri na jioni. Wenzake walipita wakimtania, "Mnyweshaji! Nasi tuna kiu!" Aliwamwagia ya ishirini na moja. Babu aliporudi na goti lake lililofungwa alikuwa amekwisha kusikia habari zote kutoka kwa Mande, tena kwa nyongeza. Alikaa kivulini akihesabu ndoo.

Jumatano ilikuwa siku ya mwisho ya wageni, na Davor aliuliza kama Marinka sasa inaweza kuwazungusha ghubani. Ilikuwa imeelea gatini tangu alfajiri. Watu wote wakasimama kungoja jibu la Babu, lakini Babu akamtazama Bibi, na Bibi akamgeukia mjukuu wake.

"Tonka, ikoje?"

Tonka aliingia ndani, akainua mbao za sakafu moja baada ya nyingine, akapitisha kiganja kila mahali.

"Imebanana," alisema. "Isipokuwa pale kwenye ubao mpya, linaingia tone moja moja. Si la kutisha, lakini lipo. Wachukue kopo."

Davor alimtazama Bibi. "Tuende?"

Bibi Perina hakuinama kuangalia chini ya ubao. Alimbeba Ema, akamketisha mwenyewe katikati ya mashua.

"Umemsikia," alisema. "Chukueni kopo, mwende."