Mtoto wa Miaka Sabini na Moja

Giza lilikuwa linaanza kuingia Ruiru nilipompeleka binti yangu Mitchell kliniki kupimwa uzito. Alikuwa anakonda. Ananyonya vizuri, hana homa, lakini kila wiki nepi ilizidi kumlegea. Daktari hakuona ugonjwa.

Nesi alimpima, akaguna, akatutuma kwa Khisa, kijana wa kompyuta. Khisa alikuwa anatengeneza ripoti mpya ya watoto wote wa kliniki. Majina, umri, uzito, yote yalitoka kwenye hifadhidata na kugeuka michoro ya rangi.

"Karibu, Mama Mitchell. Usiogope, hii mashine haiumi."

Nilitabasamu nikiangalia chini. Mimi si mtu wa maneno.

Akabonyeza. Akacheka.

"Ona maajabu! Kati ya watoto wangu kuna mmoja wa miaka sabini na moja. Huyo naye bado ananyonya?"

Akagusa mchoro tuone ni nani.

Kadi iliyofunguka kwenye skrini ilikuwa ya Mitchell. Mama, mimi. Jina...

Ngendo.

Ngendo ni mama wa mume wangu, Kagwe. Tulimzika Gatundu akiwa na miaka sabini na moja, mimi nikiwa mjamzito. Hakuwahi kukanyaga kliniki hii. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na yeye mwenyewe alinishika mkono kabla ya kufa: "Wa kwanza ni mimi."

Lakini mimi nilipenda Mitchell.

"Nani amekuambia hilo jina?" nilinong'ona.

"Hakuna. Labda nimeunganisha majedwali vibaya."

Akafuta. Akaandika Mitchell. Akafungua ripoti upya.

Ngendo.

Akafuta tena. Chumba kikaanza kunuka ugoro, ule aliokuwa akinusa Ngendo... Khisa aliacha kucheka.

Safari hii jina la Mitchell lilibaki. Chini ya jina lake ukatokea mstari wa uzito, ukishuka. Kuanzia leo kwenda mbele, ulikuwa wa nukta.

"Hizo nukta ni nini?"

"Mashine inakisia tu siku zinazokuja," akasema, akifunika skrini kwa mkono.

Nilikuwa nimeshaona. Jumapili mstari ulifika chini kabisa.

Sifuri.

Mgongoni Mitchell akaanza kulia. Kilio chembamba, kama cha paka aliyefungiwa.

"Andika Ngendo."

"Mama Mitchell, haya ni makosa ya mashine..."

"Khisa, tafadhali. Andika."

Akaandika. Nukta zikapanda juu. Aliniapia kwamba hakugusa uzito. Na mgongoni mwangu kilio kikakatika katikati.

Siku hizi Ngendo ana mashavu. Kagwe anamwita "maitu", mama yangu, na ninamwona jinsi anavyofurahi. Khisa naye ananiita Mama Ngendo, ingawa haniangalii machoni. Nikisema "Mitchell" polepole, mtoto hageuki.

Jana jioni nilikuwa ninamnyonyesha. Nje ya mlango nikasikia mtoto analia. Kilio chembamba... Ngai, Mungu wangu! Mama hawezi kukosea sauti ya mwanawe.

Nikafungua mdomo nimwitikie.

Ngendo akaachilia titi. Akanitazama bila kupepesa. Kisha akaniwekea kiganja chake kidogo mdomoni, akakaza.