Mweria Wangu Uliokosa Watu

Nina umri wa miaka arubaini na mmoja. Mimi ni fundi wa kuezeka makuti, mzaliwa wa Bongwe, na ninaishi peke yangu. Msinihurumie... kosa ni langu.

Uhuru ulipopatikana, nyumba za wageni zilianza kujengwa Diani. Kila msimamizi alinitaka mimi, nami sikujua kukataa! Leo huku, kesho kule, hata Ijumaa. Nilijiona mtu wa maana kwa sababu sikuwa na nafasi ya kupumua.

Kwetu Wadigo kuna mweria. Mwenye kazi kubwa hupika chakula, majirani wakaja kumfanyia kazi siku moja, kisha zamu ikamfikia mwingine. Mimi nilituma salamu tu. Mama Zainabu, mjane jirani yetu, aliniomba niwaongoze watu kuezeka nyumba yake. Nikamwambia nitakuja. Waliningoja mpaka adhuhuri... nami niko Diani!

Mke wangu, Mwanamisi, alinionya. "Baba Hamisi, hao wageni hawatakuzika."

Nilicheka. Mjinga mimi!

Siku moja nilianguka kutoka juu ya paa, nikavunjika mkono. Masika yanakaribia, na paa letu wenyewe limeoza, ukilala unaona mawingu. Fundi huyo! Nikazunguka nyumba kwa nyumba kuwaita watu kwenye mweria wangu. Wote waliniitikia, "Inshallah."

Mwanamisi alipika sufuria kubwa ya wali na kunde, akaazima sahani. Saa tatu ikapita. Saa tano... Hakuja mtu!

Adhuhuri alikuja Mama Zainabu, akasimama mlangoni.

"Nimekuja kukupa udhuru wangu uso kwa uso, mwanangu. Wewe hukunipa wako. Sitaweza."

Mwanamisi alirudisha zile sahani, safi vilevile. Mvua ilipoanza aliwachukua watoto, akaenda kwao Msambweni. Alisema hawezi kulea watoto mahali ambapo hata akiugua hana wa kumwita.

Ndugu zangu wasomaji, nawasihi! Kabla hujaitikia kazi nyingine, jiulize siku hiyo unamnyima nani. Kazi haiishi, watu huisha.

Mkono umepona. Siku hizi naenda kila mweria, hata nisikoalikwa. Chakula kikiletwa, watu husogea wakanipa nafasi. Lakini hakuna anayeniuliza kama watoto hawajambo.